Kilo tano zilizoonekana na debe lisiloonekana: kisa cha ghala la mahindi Nyanda za Juu Kusini

Majina ya kijiji, ya chama na ya wahusika yameondolewa, na mwaka hautajwi. Tarakimu za fedha na magunia zimezungushwa ili mahali pasitambulike. Kisa kimeandikwa kwa ajili ya wanaosoma nadharia za maendeleo na wanaobuni miradi ya vijijini, kwa sababu kinaonyesha jambo ambalo vitabu hulipita haraka: kila mradi una nadharia ndani yake hata kama hakuna aliyeitamka, na nadharia hiyo ndiyo huamua nini kitapimwa na nini hakitaonekana kabisa.

Usuli

Kijiji kiko kwenye miinuko ya Mbeya, Tanzania, mahali ambapo mahindi hupandwa Novemba na, kwa sababu ya baridi, huchelewa kukomaa hadi Julai, hata Agosti. Juni na Julai ukungu hushuka asubuhi na kuondoka karibu saa tano, kwa hiyo mahindi yaliyoanikwa uani hupata saa chache tu za jua. Jambo hili dogo litarudi baadaye.

Wazee wa kijiji wameziishi nadharia tatu au nne za maendeleo kabla ya mradi huu kufika. Katikati ya miaka ya 1970 serikali ilipanga bei moja ya mahindi kwa nchi nzima, Shirika la Taifa la Usagishaji likabeba gharama ya kusafirisha. Mkulima wa mbali na Dar es Salaam akalipwa sawa na wa karibu. Reli ya TAZARA, inayounganisha Tanzania na Zambia, ilikabidhiwa mwaka 1976, mbolea ilikuwa ya ruzuku, na Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa ikawa mikoa minne inayotegemewa kwa mahindi. Mwaka huohuo wa 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa. Vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Baada ya makubaliano ya mwaka 1986 na Shirika la Fedha la Kimataifa, soko lilifunguliwa hatua kwa hatua, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 ruzuku ya mbolea ilikuwa imefutwa.

Pengo lililoachwa lilijazwa na dalali. Januari, mahindi yakiwa kimo cha goti, dalali huleta mfuko wa mbolea ya kukuzia kwa mkopo. Julai huja na gari, hulipa fedha taslimu palepale uani, huondoka na mzigo. Hupima kwa debe, na gunia lake ni lumbesa: debe saba badala ya sita, mdomo umeshonewa kilemba juu. Lumbesa imepigwa marufuku kisheria. Kijijini ni desturi.

Mradi ulikuja na ghala la tani 300, yaani magunia 3,000 ya kilo 100. Andiko lake lilieleza tatizo hivi: wakulima huuza mapema kwa bei ya chini kwa kukosa hifadhi, elimu ya biashara na mtazamo wa kisasa. Tiba ikafuata uchunguzi: jengo, mizani ya kisasa, mafunzo ya siku tatu, na mkopo kutoka SACCOS (chama cha ushirika cha akiba na mikopo) ya kata kwa dhamana ya mahindi yaliyomo ghalani. Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005 inamtaka mwendesha ghala awe na leseni. Hapa hawakufika huko: yalikuwa makubaliano ya ndani kati ya chama cha msingi cha ushirika wa mazao (AMCOS), SACCOS na wanachama.

Msimu wa kwanza

Utaratibu ulikuwa huu. Mwanachama analeta mahindi Julai, yanapimwa, anapewa karatasi yenye jina na idadi ya magunia. SACCOS inamkopesha asilimia 60 ya thamani. Bei ya gunia kijijini ilikuwa Sh 45,000, hivyo mkopo ni Sh 27,000, riba asilimia 2 kwa mwezi. Ghala linatoza Sh 300 kwa gunia kwa mwezi. Mzigo hautoki kabla ya Januari, ndipo chama kinauza kwa pamoja kwa bei iliyotarajiwa kufika Sh 65,000.

Lengo lilikuwa magunia 2,000. Yaliingia 640.

Mambo matatu yalikwenda mrama mapema. La kwanza, mkopo ulichukua wiki tano badala ya moja, kwa sababu kila fomu ilisubiri saini ya mjumbe wa bodi ya SACCOS aliyekuwa akiishi mjini. Wiki hizo tano ndizo za kumpeleka mtoto kidato cha tano na za kumalizana na mwenye duka la pembejeo. La pili, karibu nusu ya kaya tayari zilikuwa zimekula mbolea ya dalali Januari, na mahindi yao yalikuwa yake kabla hayajavunwa. La tatu, ghala halikuwa na kipima unyevu. Kilikuwa kwenye bajeti, kikaondolewa ili kuongeza siku moja ya mafunzo.

Agosti, mtendaji alipoona ghala limebaki tupu zaidi ya theluthi mbili, alitoa amri: hakuna gari la dalali kupita geti la ushuru wa mazao bila kibali cha chama. Nia ilikuwa kumlinda mkulima. Kilichotokea ni kwamba mahindi yalianza kutoka usiku kwa bodaboda, magunia mawili mawili, kwa njia za mashambani, na dalali akakata gharama hiyo kwenye bei. Amri ilifutwa baada ya wiki tatu.

Siku ya mizani

Januari bei ilifika Sh 50,000 tu. Mavuno yalikuwa mazuri kote na mzigo wa kuvuka mpaka ulikuwa umezuiwa. Wanachama waliitwa kushuhudia upimaji wa kuuza. Gunia la kwanza lilikuwa la mama mmoja mjane, lililoingia Julai likiwa na kilo 100 kamili kwenye mizani ileile. Lilisoma 95.

Mtunza ghala, kijana wa ukoo wa mwenyekiti, alimwambia, “Mama, yamekauka.”

“Mahindi yamekonda,” mama akajibu, akiwageukia waliokuwa nyuma yake, “na ninyi mmenenepa.”

Gunia la pili likasoma 95, la tatu 94. Mkutano ulivunjika. Siku tatu baadaye kulikuwa na madai ya kumpeleka mtunza ghala polisi.

Hakuna aliyeiba kilo hizo. Kwa sababu ya zile saa chache za jua, mahindi yalipoingia yalikuwa na unyevu wa asilimia 18 hivi. Yalipotoka yalikuwa karibu na 13.5, kiwango cha juu kinachokubalika katika soko la Afrika Mashariki. Hesabu yake ni nyepesi. Kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 18 zina kilo 82 za punje kavu. Kilo hizo 82 zikiwa asilimia 86.5 ya uzito mpya, uzito mpya ni 82 kugawa kwa 0.865, sawa na kilo 94.8. Maji yaliondoka, uzito ukaondoka nayo. Mahindi yale yaliponea chupuchupu kuota ukungu, kwa kuwa yalikuwa kwenye gunia za kupitisha hewa, juu ya chaga, nusu mita kutoka ukutani, na baridi ya miinukoni ilisaidia.

Kwa karatasi, mwanachama aliyehifadhi alipata hasara. Gunia lake la kilo 95 kwa Sh 500 kwa kilo lilileta Sh 47,500. Toa hifadhi ya miezi saba, Sh 2,100. Riba Sh 3,780. Dawa Sh 1,000. Gunia tupu Sh 1,000. Anabaki na Sh 39,620. Jirani aliyeuza Julai alipata Sh 45,000. Hivyo ndivyo kijiji kilivyohesabu, na hivyo ndivyo taarifa ya mradi ilivyoandika.

Hesabu hiyo ina kosa, na lilichukua miezi kadhaa kuonekana. Jirani hakuuza kilo 100. Aliuza lumbesa ya debe saba, na debe la mahindi ni takriban kilo 18, yaani kilo 126. Sh 45,000 kwa kilo 126 ni Sh 357 kwa kilo. Kwa kila kilo 100 alizotoa shambani, alipokea Sh 35,700. Aliyehifadhi, pamoja na bei mbaya, riba na maji yaliyokauka, alimzidi jirani yake kwa karibu Sh 3,900.

Kilo tano zilizopotea mbele ya macho kwenye mizani ya kisasa zilikitikisa chama. Kilo 18 hadi 26 zilizochukuliwa kila mwaka kwa debe la ziada hazikumfanya mtu yeyote aende polisi.

Maamuzi ya msimu wa pili, na sababu zake

Uongozi mpya ulichaguliwa. Afisa ugani aliyehamia wakati huo alipendekeza jambo ambalo halikuwemo katika andiko la mradi: kabla ya kubadilisha chochote, wanachama wenyewe waorodheshe anachowapa dalali. Walitaja mkopo wa mbolea Januari, gari, fedha siku hiyohiyo, na kwamba haulizi maswali. Ghala lilikuwa linashindana na huduma nne likiwa na moja.

Maamuzi makubwa yalikuwa haya:

- Kipima unyevu kilinunuliwa. Karatasi ya kupokelea ikawa na mistari mitatu: uzito wa kuingia, unyevu, na uzito mkavu utakaodaiwa. Jedwali la kubadilisha lilichorwa kwa rangi ukutani, nje, ili mtu ajue kabla hajaingia kwamba 100 kwa asilimia 18 ni 94.8, kwa 16 ni 97.1, kwa 15 ni 98.3.
- Nyumbani watu walifundishwa chupa ya chumvi: chupa kavu ya kioo, vijiko vitatu vya chumvi kavu, punje hadi theluthi, tikisa dakika moja, acha robo saa. Chumvi ikiganda ukutani, unyevu umezidi 15; usilete. Haitoshi kwa kupokelea ghalani, lakini inamwokoa mtu safari ya bure na mzigo kichwani.
- Ghala lilipewa kufuli tatu na funguo kwa watu watatu wa vitongoji tofauti. Mtunza ghala aliachwa palepale. Kumwondoa kungekuwa kukiri wizi ambao haukutokea.
- Kanuni ya “hakitoki kitu kabla ya Januari” ilivunjwa rasmi. Mwanachama aliruhusiwa kuchukua gunia moja kwa msiba, kwa kuandikwa daftarini mbele ya mashahidi wawili.
- SACCOS ilimpa katibu wake mamlaka ya kusaini mikopo midogo ndani ya siku saba. Sehemu ya mkopo ikawa mbolea yenyewe, inayotolewa Novemba.
- Mauzo yaligawanywa mafungu matatu: Oktoba, Desemba na Februari.
- Madalali walialikwa kununua ghalani, kwa kilo, kwa mnada wa wazi.

Uamuzi wa mwisho ndio uliopigiwa kelele zaidi. Wajumbe wawili walisusia kikao wakisema chama kimeuzwa kwa mnyonyaji.

Matokeo

Msimu wa pili uliingiza magunia 410 tu. Madhara ya siku ya mizani yalikuwa bado hai. Msimu wa tatu yalifika 1,150. Ghala halijawahi kujaa hata nusu. Hakuna malalamiko ya uzito yaliyofika mkutano mkuu baada ya jedwali kuchorwa ukutani. Magunia 31 yalitolewa kwa misiba katika misimu miwili, na yote yaliandikwa. Mikopo yote ya msimu wa tatu ililipwa isipokuwa minne. Dumuzi, yule ambaye wakulima humwita Scania, alionekana kwenye rundo moja msimu wa tatu kwa sababu dawa ilinyunyizwa juu ya magunia badala ya kuchanganywa na punje kwa kipimo cha gramu 100 kwa kilo 100. Rundo zima lilipukuchuka hadi kuwa unga.

Uchambuzi

*Nadharia ya usasaishaji.* Andiko la mradi lilikuwa mtoto wa fikra hii, ingawa halikumtaja mtu. Walt Rostow, mwanauchumi wa Marekani, mwaka 1960 aliziweka jamii zote kwenye ngazi ya hatua tano, kuanzia jamii ya jadi hadi zama za matumizi makubwa ya bidhaa. Anayeipokea picha hiyo huuliza: hawa wamepungukiwa nini ili wapande ngazi? Jibu huwa miundombinu, ujuzi, mtazamo. Kwa sehemu ni jibu la kweli. Mizani, chaga, kipima unyevu na dawa sahihi vilifanya kazi yake, na vilipokosekana mahindi yaliharibika. Kosa ni pale nadharia ilipomweka dalali upande wa “jadi”, kitu cha kupita. Dalali huyo hakuwepo kwa sura hiyo kabla ya soko kufunguliwa. Ni zao la usasa wenyewe, ni mpya kuliko reli. Na mkulima aliyeuza Julai hakuwa na mtazamo wa kale: alikuwa amepiga hesabu ya ada, deni na njaa, akachagua fedha ya leo.

*Nadharia ya utegemezi.* Walter Rodney, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kuchapisha kazi yake kubwa mwaka 1972, aliwafundisha wasomaji wa Afrika kuuliza swali lingine: ziada inakwenda wapi, na nani anapanga bei? Swali hilo lingemwokoa mbuni wa mradi na ndoto ya Sh 65,000. Bei ya Januari haikuamuliwa kijijini. Iliamuliwa na mavuno ya mikoa mingine na mpaka kufungwa. Mauzo kwa mafungu matatu ni kinga ya unyonge huo, haiuondoi. Lakini nadharia hii ikishushwa ngazi ya kata bila uangalifu huzaa amri ya geti: tumempata mnyonyaji, tumzuie. Tanzania ilishajaribu hilo kwa kiwango cha taifa, ununuzi wa nafaka ulipokuwa mikononi mwa shirika moja la umma na soko la pembeni likashamiri. Kumzuia dalali bila kuziba nafasi ya mkopo wake wa Januari ni kumwongezea mkulima gharama ya bodaboda.

*Uchumi wa undugu.* Goran Hyden, mtaalamu wa sayansi ya siasa kutoka Sweden aliyefundisha Dar es Salaam, alieleza mwaka 1980 kwamba mkulima wa Tanzania ana mtandao wa ndugu na majirani unaomwezesha kuikwepa dola na soko. Hoja yake imepingwa sana, na kwa haki: wakulima wa kisa hiki wako ndani ya soko hadi shingoni. Hata hivyo alikuwa ameona kitu. Msimu wa kwanza, daftari lilipokaguliwa, magunia tisa yalikuwa yametoka kimyakimya, na kila moja lilikwenda kwenye matanga. Mtunza ghala asingeweza kumnyima mfiwa na kuendelea kuishi kijijini. Mradi uliita hiyo wizi. Kanuni mpya iliita msiba kwa jina lake, ikauwekea kikomo na mashahidi, na uvujaji ukakoma.

*Kanuni za watumiaji.* Elinor Ostrom, mshindi wa Nobel ya uchumi mwaka 2009, alionyesha kwamba mali ya pamoja hudumu pale ambapo wanaoitumia hushiriki kutunga kanuni, ufuatiliaji unafanywa na wao au na wanaowajibika kwao, na adhabu hupanda taratibu. Karibu kila kilichofanikiwa msimu wa pili na wa tatu kiko hapa: ukuta wenye jedwali, funguo tatu, mashahidi wawili. Kwa maoni ya uchambuzi huu, ukuta ndio uamuzi bora wa kisa kizima. Gharama yake ilikuwa kopo moja la rangi. Uliwapa wanachama njia ya kumkagua mtunza ghala bila kumshtaki, na kumpa yeye njia ya kujitetea bila kuapa.

Nadharia hiyo ya mwisho nayo ina upofu wake. Huuliza kama watumiaji wametunga kanuni. Haiulizi vya kutosha nani anahesabiwa kuwa mtumiaji. Karatasi za ghala ziliandikwa majina ya wakuu wa kaya, karibu wote wanaume, wakati palizi na uvunaji ni wa wanawake. Msimu wa tatu mwanamke aliruhusiwa kufungua karatasi yake hata kwa magunia mawili. Waliofanya hivyo walikuwa 19, wengi wao wajane, na wa kwanza kuandikwa alikuwa yule mama wa siku ya mizani. Wake walio kwenye ndoa walisema wazi kwamba karatasi yenye jina lao ingezua neno nyumbani.

Na kuna kundi ambalo hakuna toleo la mradi lililoligusa. Kaya inayovuna chini ya magunia kumi hula sehemu kubwa ya mavuno, na kile kidogo cha kuuza hutakiwa Julai hiyohiyo. Mkopo wa asilimia 60 kwa magunia mawili ni Sh 54,000, hautoshi ada wala deni la mbolea. Msimu wa tatu ulipofungwa, kaya hizo zilikuwa bado zinauza kwa debe, kando ya barabara, na debe la saba likiingia garini bure.